Jérôme Lejeune: Daktari aliyefichua siri ya kromosomu 21, kisha akapinga ilivyotumika

Leo mjamzito anaweza kujua kabla ya kujifungua kama mtoto wake ana kasoro ya kromosomu inayoathiri ubongo. Mmoja wa waliofungua mlango huo ni daktari Mfaransa, Jérôme Lejeune. Ajabu ni kwamba alimaliza maisha yake akipinga namna ulivyotumika.

Alizaliwa Juni 13, 1926, Montrouge, jirani na Paris. Baada ya masomo ya udaktari alifanya kazi chini ya Profesa Raymond Turpin, akihudumia watoto wenye ugonjwa wa Down. Enzi hizo chanzo chake hakikujulikana, na lawama ziliwaangukia wazazi. Wapo walioambiwa ni kaswende au ulevi kwenye ukoo.

Mwaka 1956 ilibainika kuwa binadamu ana kromosomu 46. Kwenye timu ya Turpin, Dk. Marthe Gautier, aliyejifunza kukuza seli Marekani, akaanzisha maabara katika hospitali ya Trousseau. Seli za watoto wenye Down zilipohesabiwa, kumbe zina kromosomu 47! Ya ziada ni namba 21.

Matokeo yalichapishwa Januari 1959, jina la Lejeune likitangulia. Miaka mingi baadaye Gautier alilalamika kuwa kazi yake ilifunikwa. Mwaka 2014 kamati ya maadili ya INSERM, taasisi ya utafiti wa afya ya Ufaransa, iliona kuwa si rahisi mchango wa Lejeune kuwa ndio mkubwa kuliko yote.

Mwaka 1963 Lejeune na wenzake walieleza ugonjwa mwingine, huu nadra: kipande cha kromosomu 5 kinakosekana, kichwa cha mtoto kinakuwa kidogo, akili inachelewa kukua, na kilio chake kinafanana na cha paka.

Hapo ndipo mambo yakageuka. Mwishoni mwa miaka ya 1960 madaktari waliweza kuchota maji ya chupa ya uzazi kwa sindano na kuhesabu kromosomu za mtoto aliye tumboni. Tatizo ni kwamba tiba haikuwepo, hivyo wazazi wengi waliopewa majibu mabaya walichagua kutoa mimba.

Lejeune, Mkatoliki wa dhati, hakukubali. Mwaka 1969 alikwenda San Francisco kupokea tuzo kubwa ya wanajenetiki, akasimama mbele yao kupinga jambo hilo waziwazi. Wenzake wengi wakajitenga naye. Ufaransa iliporuhusu utoaji mimba mwaka 1975, alikuwa upande wa wapinzani.

Aliendelea kutibu watoto hospitali ya Necker na kusaka dawa. Hakuipata. Alifariki Aprili 3, 1994, siku ya Pasaka, kwa saratani ya mapafu.

Vipimo vimezidi kuwa vyepesi. Siku hizi damu ya mama tu inatosha kuonyesha dalili za awali. Lakini swali lililomgombanisha Lejeune na wenzake bado liko palepale: mzazi akishajua, na tiba hakuna, afanyeje?