Mwana Kupona: Mgonjwa Tuliyemsahau Ndani ya Utendi

Jina la Mwana Kupona binti Mshamu likitajwa darasani, mjadala huwaka papo hapo kuhusu utiifu wa mke kwa mumewe. Wako wanaomsifu kuwa ni mlezi wa maadili, na wako wanaomshutumu kuwa alimfunga mwanamke minyororo. Katika mvutano huo, aghalabu husahaulika jambo ambalo mshairi mwenyewe alilitanguliza katika beti zake za mwanzo, nalo ni kwamba alikuwa mgonjwa. Nionavyo, hatuwezi kuuelewa utendi wake bila kumjua mgonjwa huyo, wala hatuwezi kumjua pasipo kuyapitia maisha yake.

Mwana Kupona alizaliwa katika kisiwa cha Pate, kaskazini mwa pwani ya Kenya, ambako ushairi ulikuwa sehemu ya malezi na elimu ya dini ilithaminiwa sana. Enzi aliyoishi ilikuwa ya misukosuko. Takriban mwaka 1812, Pate na washirika wake Wamazrui wa Mombasa walishindwa na Lamu katika vita vya Shela. Baada ya ushindi huo, Lamu iliomba himaya ya Seyyid Said, mtawala wa Oman. Tangu hapo, mkono wa Seyyid Said ukaanza kurefuka katika visiwa vile, na nguvu za Pate zikawa zinafifia.

Uko mji mmoja kisiwani humo uliokataa kuinamisha kichwa, nao ni Siyu, mji uliosifika kwa wanavyuoni, wanakili wa misahafu na mafundi wa ngozi na mbao. Kiongozi wake alikuwa Bwana Mataka. Katika miaka ya 1840 Seyyid Said alipeleka majeshi kuutiisha mji huo, na Wasiyu wakayarudisha nyuma. Ngome ya Siyu ingali imesimama hadi leo kama ukumbusho wa enzi hizo. Bwana Mataka ndiye aliyemwoa Mwana Kupona, ambaye alikuwa mkewe wa mwisho, na katika ndoa hiyo walijaliwa watoto wawili.

Basi mama huyu alilea wanawe chini ya kivuli cha vita. Hata hivyo, anapoikumbuka ndoa yake katika utendi, hatuonyeshi mizinga wala majahazi ya adui. Anatuonyesha nyumba yenye furaha na masihara, mke na mume wasiowahi kukosana, na mume aliyefariki akiwa radhi na mkewe. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, mwaka ule ule aliofariki hasimu wake Seyyid Said. Mwana Kupona akabaki mjane, na mwili wake mwenyewe ukaanza kumwasi.

Mnamo mwaka 1858, sawa na mwaka 1275 wa Hijra, ndipo alipoutunga utendi. Mlengwa wake alikuwa binti yake, Mwana Hashima, aliyekuwa wa rika la wanafunzi wetu wa sekondari. Mshairi anamwita bintiye asogee karibu, aketi na kuchukua wino na karatasi. Kisha anamweleza sababu ya kuchelewa kwa wosia huo: maradhi yamemshika kwa mwaka mzima, wala hakupata nafasi ya kumwambia neno jema.

Hebu tulitafakari jambo hilo. Mwaka mzima mama amelala kitandani, na binti anakua. Kwa desturi za pwani, mwari hufundwa. Somo au kungwi ana nafasi yake, lakini mama ndiye nguzo. Mama huyu hawezi kuandamana na bintiye harusini au matangani, wala kusimama naye jikoni akamwonyesha kwa mkono. Ulezi wa mikono umemshinda, umebaki ulezi wa ulimi. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na uchungu wa Mwana Kupona ulikuwa maradufu: ule wa mwili, na ule wa kuona deni la malezi likilimbikizana huku siku zikipungua. Utendi wake ni ulipaji wa deni hilo.

Tukiusoma kwa jicho hilo, hata umbo lake hupata maana mpya. Ni utendi mfupi ukilinganishwa na tendi za vita za pwani, beti mia moja na ushei tu, zenye mizani nane katika kila kipande. Mshairi anaanza na dini, kisha adabu, ukweli wa ulimi na hadhari katika kuchangamana na watu. Anataja watano ambao bintiye hana budi kupata radhi zao: Mungu, Mtume, baba, mama, na mume. Baadaye anaingia katika mambo madogo ya nyumbani: jinsi ya kumtunza mume alalapo na aamkapo, jinsi ya kujipamba na kujitia manukato. Hayo ndiyo mambo ambayo mama mzima wa afya hayatungii shairi, kwa kuwa bintiye huyaona kila siku. Mgonjwa ndiye anayelazimika kuyataja moja baada ya jingine.

Sisemi hivyo ili kumkinga Mwana Kupona na kila lawama. Alikuwa mwanamke wa tabaka la juu katika jamii iliyomiliki watumwa, na mawaidha yake yanamwonya bintiye asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Hilo ni doa, na mwalimu asilifiche. Vilevile mwanafunzi ana haki ya kuyapinga mafunzo yake kuhusu mume. Lakini ampinge mtu aliye hai mbele yake, mwenye mwili unaouma na mtoto anayemwacha, asipinge sanamu iliyochongwa kwa ajili ya mtihani.

Kuna jambo jingine linalomgusa mtu wa taaluma ya lugha. Mshairi anasema kwamba anaugua, lakini hatuambii anaugua nini. Habari hiyo tumeipata kwa mjukuu wake, aliyesimulia kwamba bibi yake alifariki kwa kutokwa na damu ya uzazi. Hapa ndipo penye tafsida kongwe ya jamii zetu. Maradhi yanayotokana na tumbo la uzazi huitwa maradhi ya kike, na yakishaitwa hivyo mazungumzo hufungwa. Mwanamke aliyejifungua hutarajiwa kutimiza arubaini yake, atoke akiwa amenawiri, apokee pongezi. Asiponawiri, akaendelea kuvuja damu au kudhoofu mwezi baada ya mwezi, huona haya kusema, na wanaomzunguka huona haya kuuliza. Leo ziko dawa, iko damu ya kuongezewa, uko upasuaji. Hata hivyo, kuvuja damu baada ya kujifungua kungali miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazazi nchini Kenya. Umbali wa hospitali na uhaba wa damu vina sehemu yao. Haya nayo ina sehemu yake.

Mwana Kupona alivunja nusu ya ukimya huo. Hakuyataja maradhi yake kwa jina, lakini hakuyaficha. Aliyaweka mlangoni mwa utungo wake, akayarudia katika dua, alipomwomba Mungu amwondolee ugonjwa na awalinde wanawe na jamaa zake. Kisha akawaalika wanawake wengine wausome. Jina lake lenyewe linatokana na kitenzi pona, lakini mwenye jina hakupona. Alifariki miaka michache baadaye. Utendi ulibaki, ukanakiliwa na kuhifadhiwa na wanawake wa Lamu na visiwa jirani, hadi ulipochapishwa kama kitabu na Alice Werner na William Hichens mwaka 1934.

Walimu wenzangu, tunapoufundisha utendi huu, tusianzie kwa mume. Tuanzie pale alipoanzia mshairi, kitandani, kwa mama anayemwita bintiye asogee. Huenda darasani yuko msichana ambaye mama yake hajainuka tangu alipojifungua kitinda mimba, naye amekuwa akidhani kwamba hilo ni jambo lisilosemeka. Ajue kwamba lilisemwa kwa Kiswahili, tena kwa beti, tangu mwaka 1858.