Leslie Brown na siri ya heroe wa Ziwa Natron

Mfanyabiashara wa mpakani huyajua magadi kama bidhaa ya gunia, ya kulainishia maharage na makande. Kwa Leslie Brown, magadi hayo nusura yawe kifo.

Raia huyo wa Uingereza alizaliwa India mwaka 1917. Alifanya kazi ya kilimo Nigeria, kisha mwaka 1946 akahamia Kenya, ambako alipanda hadi kuwa miongoni mwa wakubwa wa Idara ya Kilimo. Mshahara ulitoka mashambani lakini moyo wake ulikuwa kwa ndege. Akiwa Embu alitumia muda wake wa mapumziko kuchunguza tai.

Lililomsumbua zaidi lilikuwa swali la heroe wadogo, ambao wengi huwaita flamingo. Walionekana kwa malaki Nakuru na Bogoria, lakini mahali wanapotagia Afrika Mashariki palikuwa hapajulikani. Mwaka 1954, akiwa ndani ya ndege ndogo juu ya Ziwa Natron, upande wa Tanganyika karibu na mpaka wa Kenya, aliyaona mazalio yao katikati ya ziwa.

Akaamua kuyafuata kwa miguu. Kwa mbali Natron huonekana gumu kama sakafu, kumbe ni gamba la magadi lililofunika tope la moto. Brown alizama na kunyanyuka, akazama tena, huku magadi yakiingia ndani ya viatu na kumla ngozi. Hakufika. Alirudi ufukweni kwa shida, miguu imeungua vibaya, akalazwa wiki kadhaa na kubandikwa ngozi mpya.

Ziwa hilo halina mto wa kutolea maji. Jua huyakausha, magadi yanabaki, na kipimo cha pH hupita 10, wakati maji safi ya kunywa huwa karibu 7. Samaki wachache tu hustahimili, hasa kwenye chemchemi za pembeni. Vijidudu ndio wenye ziwa. Wapo wapenda chumvi wanaoyapaka maji wekundu. Baadhi yao, kwa elimu ya leo, si bakteria kamili bali ni kundi lao peke yao. Katika maziwa ya magadi yenye chumvi pungufu, kama Nakuru na Bogoria, hustawi bakteria wa kijani aitwaye spirulina. Heroe mdogo huinamisha kichwa, mdomo juu chini, akamchuja majini. Hata ule uwaridi wa manyoya yake hutokana na chakula hicho.

Fisi na mbweha hawavuki tope lile. Kilichomuunguza Brown ndicho kinacholinda mayai.

Mwaka 1959 alichapisha kitabu kuhusu ndege hao. Mwaka 1962, Natron ilipofurika, heroe walihamia Ziwa Magadi, Kenya, naye akawafuata. Huko magadi yaliganda miguuni mwa vifaranga kama pingu, na watu wakaingia majini kuzivunja. Maelfu waliokolewa.

Alistaafu mwaka 1963 na kuendelea kuandika, ikiwemo kazi kubwa kuhusu tai aliyoitoa na Dean Amadon mwaka 1968. Alifariki Kenya mwaka 1980. Zaidi ya miaka 25 baadaye ulizuka mpango wa kujenga kiwanda cha magadi Natron, na hoja kuu ya waliopinga ilikuwa mazalio yale yale aliyoyaona kutoka angani.