Archimedes na Nguvu ya Roda

Archimedes alizaliwa takriban mwaka 287 KK katika mji wa Syracuse, kisiwani Sicily, ambacho leo ni sehemu ya Italia. Baba yake, Phidias, alikuwa mtaalamu wa elimu ya nyota. Wanahistoria wengi huamini kwamba alisoma Alexandria, nchini Misri. Baadaye aliwaandikia barua wataalamu wa huko, akiwemo Eratosthenes, mzaliwa wa Cyrene katika Libya ya leo. Afrika imo katika habari zake, ingawa vitabu vingi hulipita jambo hilo.

Roda moja ilijulikana kabla yake. Ni kama ile iliyo juu ya mlingoti wa bendera shuleni kwako: unavuta kamba chini, bendera inapanda. Inageuza mwelekeo wa nguvu, basi. Archimedes anakumbukwa kwa kuunganisha roda kadhaa zifanye kazi pamoja.

Plutarch, aliyeandika karibu miaka 300 baadaye, anasimulia kwamba Mfalme Hiero wa Pili alitaka kuiona kanuni hiyo kwa macho. Ikachaguliwa meli ya mizigo yenye milingoti mitatu, iliyokuwa imevutwa nchi kavu na watu wengi kwa taabu. Ikajazwa abiria na shehena. Archimedes akaketi mbali kidogo, akavuta kamba taratibu, na meli ikasogea. Huenda masimulizi yameongezwa chumvi, lakini fizikia yake haina kasoro.

Chukua mzigo wa nyutoni 600 unaobebwa na sehemu 4 za kamba. Kama kusingekuwa na msuguano wala uzito wa roda, jitihada ingekuwa nyutoni 150. Ili mzigo upande mita 1, lazima uvute kamba mita 4. Tuseme jitihada halisi ni nyutoni 200. Manufaa ya mashine ni 600 ÷ 200 = 3, uwiano wa mwendo ni 4, na ufanisi ni asilimia 75. Umefanya kazi ya juli 800, mzigo umepokea 600. Zilizobaki zimeliwa na msuguano na kunyanyua roda zenyewe. Archimedes alipunguza jitihada, hakupunguza kazi. Watahiniwa wengi hupoteza alama hapo.

Madereva wa utalii wa Arusha huitumia kanuni hiyo gari linaponasa kwenye tope wakati wa masika. Waya wa winchi hupitishwa kwenye roda iliyofungwa kwenye mti, kisha ncha yake hurudishwa na kufungwa kwenye gari lenyewe. Roda imetulia mtini, kwa hiyo mtahiniwa huharakisha kujibu kwamba nguvu haiongezeki. Usifanye hivyo. Hesabu sehemu za waya zinazovuta mzigo, na hapa mzigo ni gari: ni mbili. Nguvu inakaribia mara mbili, na gari linatambaa kwa nusu ya mwendo ambao winchi inakusanya waya.

Hiero alifariki mwaka 215 KK, na baada yake Syracuse ikaingia vitani na Roma. Jemadari Marcellus alipouzingira mji, mashine za Archimedes ziliwarushia Warumi mawe, na nyingine zilikamata meli zao kwa mbele na kuziinua. Mji ulistahimili muda mrefu, ukaanguka mwaka 212 KK. Marcellus alitaka mzee huyo aachwe hai, lakini askari mmoja alimuua. Alikuwa na umri wa miaka takriban 75, na inasimuliwa kwamba alikuwa amezama katika mchoro wa jiometri.

Kaburi lake liliwekwa alama ya tufe ndani ya mcheduara, kwa kuwa alikuwa amethibitisha kwamba ujazo wa tufe hilo ni theluthi mbili za ujazo wa mcheduara. Mwaka 75 KK Cicero, ofisa wa Kirumi, alilikuta limefunikwa na miiba. Wenyeji wa Syracuse walikuwa wamelisahau.