Katherine Dunham, Mwalimu wa Ngoma

Je, kijijini kwenu kuna ngoma gani? Nani alikufundisha kuicheza? Labda ulijifunza kwa kuwatazama wakubwa, bila kwenda shule. Kwa sababu hiyo, wako watu wanaodhani kwamba ngoma ya kijijini si elimu. Soma habari za mwanamke huyu, kisha uamue mwenyewe.

Jina lake lilikuwa Katherine Dunham. Alizaliwa mwaka 1909 katika jimbo la Illinois, nchini Marekani. Baba yake alikuwa mtu mweusi, mzao wa Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Alikuwa fundi wa kushona nguo. Mama yake alifariki Katherine akiwa bado mtoto mdogo. Baadaye baba alioa tena, akafungua duka la dobi katika mji wa Joliet. Watoto walisaidia kazi za duka.

Katherine alipokua, aliingia Chuo Kikuu cha Chicago. Wakati huohuo alijifunza baleti.

Baleti ni ngoma ya Ulaya iliyokuzwa katika majumba ya wafalme. Mchezaji wa baleti husimama wima, mgongo umenyooka. Huruka juu kana kwamba mwili wake hauna uzito. Ili aweze hayo, hushika mti uliofungwa ukutani na kurudia mazoezi yaleyale kila siku, kwa miaka mingi. Mwalimu mmoja wa Katherine, Ludmilla Speranzeva, alitoka Urusi.

Siku hizo watu weusi wa Marekani walibaguliwa katika mambo mengi. Vikundi vya baleti havikuwapokea. Wengine walisema kwamba mwili wa mtu mweusi haufai kwa baleti. Tena, ngoma za watu weusi zilionekana kuwa mchezo wa kuchekesha tu.

Chuoni, Katherine alisoma elimu ya mila za watu. Alitaka kujua ngoma za wazee wake zilikuwaje kabla ya utumwa, na zimebaki wapi. Basi mwaka 1935 alipata msaada wa fedha, akasafiri mpaka visiwa vya Karibi. Alifika Jamaica, Martinique, Trinidad na Haiti. Wakazi wengi wa visiwa hivyo ni wazao wa Waafrika.

Huko Jamaica alikaa katika kijiji cha Accompong, milimani. Wenyeji wa kijiji hicho ni wazao wa watumwa waliotoroka, wakapigana na Waingereza na kubaki huru. Katherine alitaka sana kuona ngoma yao ya vita. Wazee hawakumwonyesha upesi. Alikaa nao kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Siku zake za kuondoka zilipokaribia, ndipo akaiona ngoma hiyo. Ndugu msomaji, hata wewe usingempa mgeni siri za kwenu siku ya kwanza.

Huko Haiti alijifunza ngoma iitwayo yanvalu. Asili yake ni Afrika Magharibi, katika nchi ambayo leo inaitwa Benin. Kwa watu wa Haiti, ngoma hii ni sala. Mchezaji hukunja magoti na kuinama. Mgongo wake huenda kama wimbi, au kama nyoka anayetambaa. Katherine hakusimama pembeni na kuandika tu. Alicheza pamoja na wenyeji, na akaingizwa katika dini yao kwa kufuata taratibu zao.

Sasa angalia jambo hili. Baleti inataka mgongo unyooke. Yanvalu inataka mgongo utembee. Baleti inapanda juu. Yanvalu inashuka kuelekea ardhini. Je, mtu mmoja anaweza kucheza zote mbili?

Katherine alijibu kwa vitendo. Aliporudi Marekani alitengeneza njia yake ya kufundisha. Wanafunzi walishika mti ukutani kama wachezaji wa baleti, lakini waliongozwa na mlio wa ngoma. Walijifunza kunyoosha mguu na mgongo. Kisha walijifunza kuulegeza mgongo huohuo na kuutembeza kama wimbi. Tena walijifunza kuchezesha kichwa, mabega na kiuno, kila kiungo peke yake, kila kimoja kwa mdundo wake. Mtu aliyezoea baleti peke yake aliona kazi hiyo ni ngumu. Hapo ndipo wengi walipotambua kwamba ngoma ya kijijini nayo ina kanuni zake.

Mwaka 1938 alionyesha mchezo uitwao L'Ag'Ya katika mji wa Chicago. Ni hadithi ya kijiji cha wavuvi huko Martinique. Wanaume wawili wanampenda msichana mmoja. Mwishowe wanapambana kwa ag'ya, ngoma ya kupigana ya kisiwa hicho, na mmoja anauawa. Hadithi nzima ilisimuliwa kwa kucheza, kama ilivyo katika baleti. Lakini mwendo wa wachezaji ulitoka kwa wavuvi wenyewe.

Kikundi chake kilipata sifa, lakini njia haikuwa rahisi. Mwaka 1944, katika mji wa Boston, wakuu walikataza sehemu moja ya maonyesho yake. Sehemu hiyo ilihusu mila za kumwingiza kijana katika utu uzima, kama jando na unyago. Walisema haina adabu.

Mwaka huohuo alicheza katika mji wa Louisville. Watu weusi walitengwa, hawakuruhusiwa kuketi pamoja na weupe. Onyesho lilipokwisha, Katherine alisimama mbele ya watu wote. Aliwaambia kwamba hatarudi kucheza hapo mpaka watu wa rangi zote waketi pamoja. Kumbuka kwamba kikundi kiliishi kwa fedha za viingilio. Kukataa ukumbi kulikuwa kukataa chakula.

Katikati ya miaka ya 1940 alifungua shule mjini New York. Wanafunzi weusi na weupe walisoma pamoja. Walijifunza baleti, ngoma za Karibi, kupiga ngoma, lugha na mila za watu. Maana Katherine aliamini kwamba mtu asiyejua maana ya ngoma hawezi kuicheza sawasawa. Kikundi chake nacho kilizunguka dunia, kikacheza katika nchi zaidi ya 50.

Mwaka 1966 alikuwa Dakar, Senegal, akisaidia katika sherehe kubwa ya sanaa za watu weusi wa dunia. Ngoma zilizovuka bahari katika meli za watumwa zilikuwa zimerudi nyumbani pamoja na mjukuu.

Angeweza kupumzika sasa. Lakini mwaka 1967 alianzisha kituo cha mafunzo huko East St. Louis, mji maskini wenye watu weusi wengi. Vijana wengi hawakuwa na kazi. Aliwafundisha ngoma na sanaa nyingine ili wajithamini. Mpiga ngoma Mor Thiam alitoka Senegal akaja kufundisha huko. Magoti ya Katherine yalikuwa yamechakaa kwa kucheza, lakini aliendelea kufundisha hata akiwa ameketi kwenye kiti.

Watu wa Haiti hakuwasahau. Mwaka 1992, akiwa na umri wa miaka 82, alikaa siku 47 bila kula. Alikuwa akipinga serikali ya Marekani kuwarudisha kwao wakimbizi wa Haiti.

Katherine Dunham alifariki mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 96. Njia yake ya kufundisha bado inatumika.

Ndugu msomaji, yeye alisafiri mbali kutafuta walimu wa ngoma. Wako pengine wanakaa nyumba ya pili. Nenda kawaulize wangali hai.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Mchezaji wa baleti na mchezaji wa yanvalu wanatofautianaje?
2. Kwa nini wazee wa Accompong hawakumwonyesha Katherine ngoma yao mapema?
3. Je, Katherine alifanya vema kukataa kurudi Louisville? Toa sababu.
4. Ni ngoma gani ya kwenu inayojulikana na wazee tu? Andika jina lake na maana yake.