Wilson: Mwanasayansi aliyezifanya chembe ndogo zionekane

MWANAFIZIKIA Charles Thomson Rees Wilson alizaliwa Februari 14, 1869, karibu na Edinburgh, Uskoti. Baba yake, mfugaji wa kondoo, alifariki dunia Wilson akiwa na miaka minne, na familia ikahamia Manchester. Mwaka 1888 alijiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge.

Septemba 1894 alikaa majuma mawili katika kituo cha hali ya hewa kileleni mwa mlima Ben Nevis. Pete za rangi zilizotokea jua lilipopiga mawingu zilimvutia, akaamua kutengeneza mawingu yake maabara. Aliitanua ghafla hewa yenye unyevu ndani ya chombo cha kioo. Ikapoa na kugeuka ukungu.

Baadaye alishuku kuwa umeme mdogo uliomo hewani husababishwa na mionzi itokayo nje ya dunia. Ili kuhakikisha, aliingia usiku na kipimo chake katika handaki la reli huko Uskoti, akitarajia miamba iizuie mionzi hiyo. Kipimo hakikushuka. Katika matokeo aliyoyatangaza mwaka 1901, aliiacha dhana hiyo.

Mwaka 1912 Victor Hess wa Austria alipanda kwa puto zaidi ya mita 5,000 na kuthibitisha kuwa mionzi hiyo ipo. Wilson hakuweza kuitambua handakini kwa kuwa miamba nayo hutoa mionzi.

Hata hivyo, mwaka 1911 chombo chake cha ukungu kilikuwa kimempa ushindi mwingine. Chembe ipitapo katika gesi huacha chaji za umeme, na matone ya maji hujikusanya juu yake yakichora mstari unaoweza kupigwa picha. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1927, pamoja na Arthur Compton wa Marekani.

Wanaosaka maada ya giza wamefuata nyayo zake. Katika mgodi wa Boulby, Uingereza, yapata mita 1,100 chini ya ardhi, mtambo wa DRIFT ulitumia gesi ya mgandamizo mdogo ili atomi iliyogongwa iache mstari wa kutosha kuonyesha mwelekeo. Adui wao ni yule yule wa handakini: mionzi ya miamba, na hata ya vyuma na nyaya za mtambo wenyewe. Ndiyo maana kila kifaa huchaguliwa kwa makini. Hadi leo hakuna ugunduzi uliothibitishwa.

Wilson alichapisha utafiti kuhusu mawingu ya radi mwaka 1956, akiwa na miaka 87. Alifariki dunia Novemba 15, 1959, akiwa na miaka 90.