Arthur Ashe katika Uwanja wa Makaburu

Arthur Robert Ashe alizaliwa tarehe 10 Julai 1943 mjini Richmond, jimbo la Virginia, Marekani. Babake alikuwa mtunzaji wa bustani ya Weusi, na familia iliishi humo humo, kando ya viwanja vichache vya tenisi. Viwanja bora vya mji vilikuwa vya Wazungu pekee. Ubaguzi, basi, hakuusoma vitabuni. Mwaka 1968 alitwaa ubingwa wa mashindano ya wazi ya Marekani, na mwaka 1975 ule wa Wimbledon, akiwa mwanamume Mweusi wa kwanza kufanya hivyo.

Tangu mwaka 1969 aliomba viza ya kwenda kushindana Afrika Kusini, akawa ananyimwa. Mwaka 1970 nchi hiyo ilitimuliwa katika Kombe la Davis. Ilipofika 1973, serikali ya Makaburu ikitafuta njia ya kurudi katika michezo ya kimataifa, alifunguliwa mlango. Hapo ndipo mgogoro ulipozuka. Dennis Brutus, mshairi aliyekuwa uhamishoni na kinara wa kampeni ya kuususia utawala huo michezoni, aliipinga safari. Kwa maoni yake, jina la Ashe lingekuwa chokaa ya kupaka ukuta uliooza. Ashe alitoa masharti: watazamaji wasitenganishwe kwa rangi, naye awe huru kwenda na kusema atakavyo. Alikwenda, akafika fainali, akashindwa na Jimmy Connors. Katika mchezo wa wawili wawili alishinda pamoja na Tom Okker. Sharti la viti lilitekelezwa nusunusu tu.

Pasipoti ya Marekani na kamera za waandishi zilimkinga mgeni huyo. Waliobaki nyuma hawakuwa na kinga hiyo, na jambo hili wasimulizi wa maisha yake hulipitia haraka mno. Don Mattera, mshairi wa Johannesburg, alikutana naye na kumtungia shairi. Mwaka huo huo Mattera aliwekewa marufuku iliyodumu hadi 1982. Si lazima marufuku hiyo itokane na mkutano wao, kwani Mattera alikuwa mwanaharakati kabla ya hapo. Lakini mmoja alipanda ndege akarejea kwao, na mwenzake akafungiwa sauti. Hata hivyo, Brutus hakuwa na haki yote upande wake. Miongoni mwa watazamaji alikuwamo Mark Mathabane, kijana wa mtaa wa Alexandra, aliyeduwaa kumwona Mweusi asiyenyenyekea mbele ya Wazungu. Baadaye tenisi ndiyo iliyompeleka masomoni Marekani, akawa mwandishi.

La ajabu ni kwamba bunduki zilimfikia Ashe uwanjani mjini Lagos, wala si Johannesburg. Februari 1976, siku chache baada ya kuuawa kwa Jenerali Murtala Mohammed, wanajeshi waliingia katikati ya mchezo wakaamuru usitishwe.

Kuhusu Afrika Kusini, hatimaye aliafiki msimamo wa kususia. Mwaka 1983 yeye na Harry Belafonte walianzisha chama cha wasanii na wanamichezo dhidi ya ubaguzi huo, na mwaka 1985 alikamatwa akiandamana nje ya ubalozi wa Afrika Kusini mjini Washington. Alirudi huko mwaka 1991, akaonana na Nelson Mandela. Wakati huo tayari alikuwa akiugua Ukimwi, uliotokana na damu aliyoongezewa hospitalini. Alifariki mjini New York tarehe 6 Februari 1993, mwaka mmoja na ushei kabla ya Mattera na wenzake kupiga kura yao ya kwanza.