Mtakatifu Damien wa Molokai: Utume Usioamriwa

Kila tarehe 10 Mei Kanisa humkumbuka Mtakatifu Damien, padre Mbelgiji aliyejitoa kwa ajili ya wagonjwa wa ukoma katika kisiwa cha Molokai, Hawaii. Wengi wanakijua kifo chake. Inafaa tutafakari pia jinsi alivyoupokea utume wake.

Alizaliwa Tremelo tarehe 3 Januari 1840, akaitwa Jozef De Veuster. Alijiunga na Shirika la Mioyo Mitakatifu ya Yesu na Maria, akimfuata kaka yake Pamphile. Pamphile alipangiwa kwenda Hawaii, lakini maradhi yakamzuia. Damien, ambaye bado hakuwa padre, aliomba kwenda badala yake, akakubaliwa. Alifika Honolulu tarehe 19 Machi 1864, na mwezi Mei akapewa daraja ya upadre.

Mwaka 1865 ufalme wa Hawaii ulitunga sheria ya kuwatenga wenye ukoma. Kuanzia mwaka uliofuata walipelekwa katika rasi moja ya Molokai, iliyozungukwa na bahari na kutengwa na sehemu nyingine ya kisiwa kwa majabali marefu. Waamini waliokuwa huko walihitaji padre wa kukaa nao. Askofu Louis Maigret alitambua kuwa anayekwenda huenda asirudi, hivyo hakutaka kumwamuru yeyote kwa utii. Mwaka 1873 aliwaeleza mapadre hitaji hilo, nao wanne wakajitolea kwenda kwa zamu. Damien akawa wa kwanza, akawasili tarehe 10 Mei. Zamu yake haikuisha, kwani mwenyewe aliomba abaki, akabaki karibu miaka 16.

Kazi aliyoikuta haikuwa ya altareni peke yake. Alifunga vidonda, alijenga nyumba, alivuta maji kwa mabomba, alitunza yatima, alichonga majeneza na kuchimba makaburi. Wakati fulani alizuiwa hata kupanda meli iliyomleta mkuu wake wa shirika. Ikambidi aungame dhambi zake kwa sauti kutoka mtumbwini, mkuu wake akiwa juu melini.

Mwaka 1885 ilithibitika kuwa naye ameambukizwa. Aliendelea na kazi kadiri nguvu zilivyomruhusu, na mwaka 1888 Sista Marianne Cope, ambaye leo naye ni mtakatifu, alifika kusaidia. Damien alifariki Jumatatu ya Juma Kuu, tarehe 15 Aprili 1889, akiwa na umri wa miaka 49. Papa Benedikto XVI alimtangaza kuwa mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009.

Ndugu wapendwa, utii ni fadhila kubwa, lakini zipo huduma ambazo hata askofu huona vigumu kuziamuru. Katika parokia zetu pia zipo kazi ambazo paroko husita kumtaja mtu kwa jina: kumwosha mgonjwa aliyeachwa na jamaa zake, kumtembelea mfungwa, kukesha na mzee asiye na mtoto. Kazi hizo hungoja mtu aseme mwenyewe kwamba atakwenda. Tena, kama Damien, hungoja aseme hivyo kesho na keshokutwa, zamu inapopita na mwingine hajatokea.

Mtakatifu Damien wa Molokai, utuombee.